Siri ya Mpiga Ramli ni Kinywa cha Mteja

Hakuna mji katika nchi yetu usiokuwa na mtu ambaye, kwa malipo ya fedha, yu tayari kumweleza mgeni mambo ya maisha yake. Matangazo ya watu hao hubandikwa juu ya nguzo za umeme na kwenye kuta za vituo vya mabasi: mganga fulani ametoka mbali, husafisha nyota, humrudisha mume aliyepotea, humpandisha mtu cheo kazini, humtaja adui kwa jina. Chini yake pana namba ya simu. Mfanyakazi aliyepokea mshahara wake juzi huisoma namba hiyo, huiandika, na kesho yake huenda. Atokapo huko husema neno ambalo sote tumepata kulisikia: "Usidharau, ndugu yangu. Yule mzee alinieleza mambo ambayo sikumwambia mtu."

Neno hilo ndilo tunalotaka kulichunguza leo. Si haki kumcheka aliyelisema, maana hasemi uongo. Asema kama alivyoona. Wala haitoshi kumwambia kwamba ramli ni upuuzi, kwa kuwa jambo lililomtokea halikuwa upuuzi machoni pake. Yafaa aonyeshwe jinsi lilivyofanyika. Na kuonyeshwa kwawezekana, kwa sababu kazi ile ni ufundi kama useremala au ushonaji: ina zana zake, ina hatua zake, na mtu wa akili ya kawaida aweza kuanza kujifunza. Twasema zaidi ya hayo. Kila mwanachama na kila mfanyakazi angefaa ajifunze hatua zake za kwanza, si ili awe mpiga ramli, bali ili siku atakapoketi mbele ya mpiga ramli aione kazi inavyofanyika.

UFUNDI WENYEWE

Katika Ulaya na Marekani wako watu wa mazingaombwe wasiotoa njiwa katika kofia wala kukata kamba na kuiunga. Mchezo wao ni wa akili. Mmoja wao hupanda jukwaani, humwita mtu asiyemjua kutoka miongoni mwa watazamaji, akamweleza tabia yake, kazi yake, huzuni yake na hata jina la mtu anayemfikiria. Sehemu kubwa ya mchezo huo husimama juu ya ufundi ambao wenyewe wauita kwa jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, ni "usomaji baridi". Waitwa baridi kwa kuwa msomaji hakupashwa habari yo yote kabla. Amsoma mtu kama alivyoketi mbele yake.

Uko na "usomaji moto", ambao ni wizi mtupu. Hapo msomaji huwa amekwisha kupata habari za mtu kwa mlango wa nyuma. Mfano wake maarufu ni wa mhubiri wa Marekani, Peter Popoff, aliyekuwa akiwaita watu kwa majina na kutaja maradhi yao mbele ya umati, akidai kwamba ameambiwa na Mungu. Mwaka 1986 mwanamazingaombwe James Randi na wenzake walinasa sauti katika redio, ikaonekana kwamba aliyekuwa akimwambia ni mkewe, aliyesoma kadi ambazo watu walijaza kabla ya ibada, naye mhubiri alikuwa na chombo kidogo sikioni. Siku hizi hata kadi hazihitajiwi, maana watu wengi wameweka picha za arusi, misiba na watoto wao katika mitandao ya simu, na mtu akipiga ile namba ya tangazo huwa amekwisha kumpa mganga jina la kuanzia.

Lakini hebu tuuache usomaji moto. Ajabu yenyewe ni ule wa baridi, unaofanikiwa pasipo kuiba habari yo yote. Twende nao hatua kwa hatua, kama anavyofundishwa anayeanza.

SOMO LA KWANZA: MACHO

Anayeanza hufundishwa kunyamaza na kutazama. Katika mji wa Edinburgh, huko Scotland, katika miaka ya 1870, palikuwa na daktari mpasuaji aliyeitwa Joseph Bell. Siku moja aliingia mgonjwa wa kiume, na Bell, kabla hajaelezwa kitu, akamwambia kwamba alikuwa askari, kwamba ameachishwa jeshi si zamani, na kwamba alikaa kisiwa cha Barbados. Yote yalikuwa kweli. Wanafunzi waliposhangaa, daktari akawaeleza: mtu huyu ni mwenye adabu, lakini hakuvua kofia, na hiyo ni desturi ya jeshini, kama angekuwa raia kwa muda mrefu angekwisha kuiacha. Tena ana ugonjwa wa matende, nao si ugonjwa wa Uingereza bali wa visiwa vile. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Arthur Conan Doyle, ambaye baadaye alimtunga mpelelezi Sherlock Holmes kwa kumkumbuka mwalimu huyo.

Bell aliwaeleza wanafunzi njia yake. Mpiga ramli huificha. Hiyo ndiyo tofauti yao, kwa maana macho ni yale yale. Fundi wa kuchomelea vyuma ana alama ndogo za moto mikononi. Dereva wa lori wa nchi yetu, ambaye usukani wake uko kulia, mkono wake wa kulia umepigwa jua kuliko wa kushoto. Mvuvi ana mikato ya mshipi vidoleni. Mwenye kudumu katika sala huwa na alama ya sijida juu ya paji la uso. Pete iliyovuliwa karibuni huacha mstari kidoleni. Viatu vilivyopigwa rangi vizuri, lakini soli zake zimekwisha, vyaeleza habari ya mtu mwenye heshima na asiye na fedha.

Juu ya hayo yako mambo ambayo fundi ayajua hata kabla mteja hajaingia. Mtu haendi kwa mpiga ramli kwa kuwa mambo yake ni mazuri. Aenda kwa sababu ya maradhi, au ya fedha, au ya mapenzi, au ya uzazi, au ya kazi, au ya kuibiwa, au ya kumshuku mtu. Hayo saba yakiisha, si mengi yaliyosalia. Msichana wa miaka ishirini na baba wa miaka hamsini hawaji kwa jambo moja. Ajaye mwezi wa Januari, wazazi wanapohangaika na sare na madaftari, si sawa na ajaye wakati wa mavuno. Basi fundi akikuambia, "Mwanangu, umekuja na mzigo wa fedha, na nyuma ya fedha yuko mtu," hakupekua moyo wako. Ametazama kalenda na viatu vyako.

SOMO LA PILI: VAZI LIMFAALO KILA MTU

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi, Bertram Forer wa Los Angeles huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi za kupima tabia. Baada ya siku chache akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake, akawaomba wayatie alama toka 0 mpaka 5 kwa kadiri walivyoona yanawahusu. Wastani wa alama walizotoa ulikuwa 4.26. Kisha ikajulikana kwamba wote walipewa karatasi moja, yenye sentensi 13 zile zile, na kwamba sehemu kubwa ya sentensi hizo mwalimu alizitoa katika kitabu cha nyota kilichouzwa barabarani. Hakuna jibu la mwanafunzi ye yote lililokuwa limesomwa.

Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 1949, limerudiwa mara nyingi tangu hapo, na mwanafunzi wa ufundi huu hulishika kama seremala anavyoshika futi. Lafundisha kwamba yako maneno ambayo kila mtu huyapokea kama kwamba yamekatwa kwa kipimo chake. Kwa lugha yetu yangekuwa kama haya:

"Wewe ni mtu wa kuvumilia, lakini uvumilivu wako una mpaka, na ni wachache waliopata kuuona mpaka huo. Umewasaidia wengi kuliko waliokusaidia wewe. Liko jambo uliloliacha njiani, na mpaka leo hukulisahau. Mbele za watu wachangamka, lakini ukiwa peke yako mawazo huwa mengi. Katika ukoo wenu yuko mtu ambaye hamjasemezana vizuri kwa muda. Una akili ya kazi ambayo wakubwa wako bado hawajaitumia yote."

Soma tena, ndugu msomaji, kisha ujiulize ni sentensi gani isiyokuhusu. Sasa jiulize ni sentensi gani isiyomhusu jirani yako, au mkubwa wako wa kazi, au kondakta wa basi lililokuleta. Utaona kwamba mvumilivu akasirikaye ni kila mtu, kwa kuwa hakuna asiyevumilia kabisa wala asiyekasirika kabisa. Nani katika wafanyakazi ataamini kwamba wakubwa wake wameitumia akili yake yote? Na ukoo gani hauna watu wawili wasiosemezana? Maneno ni mapana kama kanzu ya kuazima. Anayeivaa ndiye aikunjaye mikono mpaka ikamfaa.

SOMO LA TATU: KUVUA

Mpaka hapo mteja amekwisha kusadiki kwamba ameketi na mjuzi. Sasa huanza kazi ya kuvua. Mvuvi hajui samaki yuko wapi. Atupa mshipi, akingoja uguswe. Mpiga ramli naye hutupa maneno, na maneno yake ni maswali yaliyovikwa nguo ya habari. Hasemi, "Je, una ndugu mgonjwa?" Asema, "Naona kitanda, na mtu amelala." Kisha hunyamaza. Unyamavu huo humwelemea mteja, naye huujaza mwenyewe: "Ni mama yangu, yuko hospitali tangu juzi." Fundi huitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua.

Tazama tena ufundi wa majina. "Namwona mtu ambaye jina lake laanza na A." Katika nchi yenye akina Ali, Asha, Abdallah, Amina, Anna na Agnes, ni nani asiyekuwa na ndugu, jirani au adui wa herufi hiyo? Asipopatikana miongoni mwa walio hai atapatikana miongoni mwa waliokufa. Akikosekana kabisa, fundi husema, "Hujamjua bado; atakujia," na kosa lake likageuka kuwa utabiri.

Lugha yetu yenyewe humpa mpiga ramli zana nzuri sana, nayo ni swali la kukana. Husema, "Hujapata kugombana na ndugu wa upande wa baba, sivyo?" Mteja akijibu kwamba hajapata, fundi asema, "Ndivyo nionavyo. Upande wa baba hauna neno nawe. Tutazame kwingine." Mteja akijibu kwamba wamegombana sana, fundi asema, "Basi ndiyo hiyo. Niliona giza upande huo, nikataka kulisikia kwako." Njia zote mbili zafika kwake. Mteja hatakumbuka kwamba aliulizwa. Atakumbuka kwamba alielezwa.

Na jibu si lazima litoke kinywani. Mapema karne iliyopita, katika mji wa Berlin, mzee mmoja aliyestaafu ualimu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Farasi huyo aliulizwa hesabu, naye akajibu kwa kupiga kwato chini mara zilizotakiwa. Mwaka 1904 halmashauri ya wataalamu ilimchunguza, isione hila yo yote, na kweli mzee yule hakuwa na hila. Ndipo mwanasayansi Oskar Pfungst alipogundua siri, akaichapisha mwaka 1907. Kama muulizaji mwenyewe hakujua jibu, farasi hakujua. Kama farasi hakuweza kumwona muulizaji, hakujua. Hans hakuwa akihesabu, alikuwa akitazama. Kwato zilipokaribia idadi ya haki, mwili wa muulizaji ulikaza, na zilipofika, kichwa chake kiliinuka kidogo mno, farasi akaacha. Pfungst alipokwisha kuijua siri hiyo alijaribu kuizuia ishara hiyo katika mwili wake mwenyewe, akashindwa.

Ikiwa farasi aweza kutusoma hivyo, itakuwaje kwa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini, na watoto wake wakala kwa kazi hiyo? Mteja huvuta pumzi, hukaza vidole, huinua macho, na fundi huyafuata hayo kama baharia anavyofuata nyota.

SOMO LA NNE: KUMBUKUMBU

Hatua ya mwisho fundi haifanyi yeye, bali hufanywa na mteja akiwa njiani kurudi nyumbani. Katika saa moja aliyokaa pale alitupiwa maneno mengi. Mengine yalipiga, mengine yakaanguka chini. Yaliyoanguka amekwisha kuyasahau, kwa kuwa hakuna asumbukaye kukumbuka jambo lisilomhusu. Yaliyopiga ameyashika, na tena ameyasafisha. "Yuko mtu wa herufi A" limekuwa "alimtaja shangazi Asha." "Naona kitanda" limekuwa "alijua mama amelazwa hospitali." Jirani asikiaye habari hiyo huisikia imekwisha kunyooshwa, naye huipeleka kwa mwingine, na hivyo mpiga ramli hutangazwa bure na watu wakweli.

Hapa twafika kwenye jambo ambalo kila anayeanza kujifunza lazima alijue mapema. Ray Hyman, Mmarekani aliyekuja kuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Oregon, alipokuwa kijana alijipatia fedha kwa kusoma viganja vya mikono. Mwanzoni hakuamini kazi hiyo. Lakini wateja walimsifu mno, kila mmoja akisema kwamba ameelezwa kweli tupu, hata yeye mwenyewe akaanza kuamini kwamba mistari ya kiganja yasema. Ndipo Stanley Jaks, mtu wa mazingaombwe ya akili aliyemheshimu, alipomshauri ajaribu kuwaeleza wateja kinyume cha kile ambacho viganja vyao vyaonyesha. Hyman akafanya hivyo. Palipoonyesha moyo mgumu akasema moyo laini, palipoonyesha bahati akasema mikosi. Wateja wakamsifu vile vile, wala hakuna aliyelalamika. Akaelewa kwamba kiganja hakikuwa kikisema lo lote. Aliyekuwa akisema ni mteja, naye msomaji alikuwa amejidanganya pamoja naye. Hayo aliyaandika katika makala yake ya mwaka 1977, ambayo mpaka leo husomwa na kila ajifunzaye ufundi huu.

Kwa hiyo tusidhani kwamba kila mpiga ramli ni mwongo ajuaye uongo wake. Wengi wao wamerithi bao kwa babu zao, wakaona watu wakitoka machozi ya kusadiki, nao wakasadiki. Kusadiki huko hakumpunguzii mteja hasara yake.

HATARI ILIYOKO

Yupo atakayesema: haya yote ni mchezo, mtu hupoteza shilingi zake, ni shauri lake. Kama ingekuwa shilingi peke yake, huenda tusingeandika. Lakini watu wetu wamelipa jina jambo hili: ramli chonganishi. Hebu tuitazame kwa masomo manne tuliyokwisha kuyapitia.

Mtoto anaumwa muda mrefu. Baba yake, mwenye uchungu, aketi mbele ya bao. Fundi asema, "Naona mtu wa karibu." Karibu ni wapi? Ni po pote. "Ni mwanamke." Uso wa baba haukatai. "Si kijana." Baba amekaza vidole. "Mlipata kukosana naye, au na mama yake mtoto." Baba hawezi tena kujizuia, alitaja jina la bibi kizee wa nyumba ya tatu. Na fundi husema kwa upole, "Mimi sikumtaja. Umemtaja mwenyewe." Asema kweli! Jina lilitoka katika hofu ya baba, likapita katika bao, likarudi kwake likiwa hukumu.

Katika vijiji vya Usukuma wamekwisha kuuawa wanawake wazee kwa njia hiyo, wakisingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya maneno ya watu wa kazi hiyo, hata mwezi wa Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku ni jambo jema, lakini polisi hawezi kuketi katika kila kibanda. Alindaye kijiji ni yule baba mwenyewe, kama angejua kwamba jina lile hakuambiwa.

Wanachama wa TANU waliahidi kusema kweli na kuiona fitina kuwa mwiko, na ahadi hiyo ikarithiwa na CCM. Basi ramli ya namna hii ni kiwanda cha fitina, hata kama mwenye kiwanda ni mtu wa sala na mwenye mvi za heshima.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Mjuzi wa mizizi na majani atibuye watu kwa dawa alizozirithi hahusiki na maneno haya. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua, naye afanya kazi yake mchana. Dawa yaweza kupimwa, ikaonekana kama yafaa ama haifai. Ramli haipimiki, kwa kuwa imepangwa isikosee.

Na tuseme na upande wetu. Kwa nini mfanyakazi huenda kule? Yako mambo ambayo mpiga ramli ampa na ambayo ofisi zetu mara nyingi hazimpi: humkaribisha, humketisha, humtazama usoni, humsikiliza saa nzima bila ya kutazama saa, na humwita mwanangu. Mama aliyekwenda hospitali akaandikiwa dawa kabla hajamaliza kueleza, na mfanyakazi aliyekwenda kwa kiongozi wa tawi au wa chama chake cha wafanyakazi akaambiwa arudi Jumatatu, watakwenda mahali ambapo wanasikilizwa. Kiongozi anayetaka kuipunguza ramli katika mtaa wake aanze kwa kuongeza viti katika ofisi yake na kuketi kwenye kimoja.

ZOEZI KWA ANAYEANZA

Waliozifahamu hila hizi vizuri ndio waliokuwa walinzi bora wa wenzao. Harry Houdini, mwanamazingaombwe mkubwa aliyefunguka minyororo mbele ya maelfu, alitumia miaka yake ya mwisho kuwafichua watu waliodai kuzungumza na wafu na kuwatoza fedha wajane. Mwaka 1926, mwaka aliokufa, alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuunga mkono mswada wa kukataza upigaji ramli wa malipo katika mji wa Washington. Mswada haukupita, lakini watu wengi walikwisha kuamka. Professa aliyesoma vitabu tu asingeweza kuwafichua wale watu kama yeye, kwa maana alizijua zana zao kwa mikono yake.

Basi zoezi letu ni hili, nalo laweza kufanywa katika tawi lo lote, katika kiwanda au katika darasa la jioni. Chagua wenzako kumi au ishirini. Waambie yuko mtu anayeweza kujua tabia ya mtu kwa mwandiko wake, na kila mmoja aandike siku yake ya kuzaliwa na sahihi yake katika karatasi. Zichukue karatasi, ukae nazo siku mbili. Kisha mpe kila mmoja bahasha iliyofungwa yenye jina lake, na ndani yake maneno yale tuliyoyaandika hapo juu, neno kwa neno, kwa wote. Kila mtu asome kimya, aandike alama toka 0 mpaka 5. Zikusanye alama, uzitangaze. Baada ya hapo mwombe mmoja asimame asome karatasi yake kwa sauti.

Utasikia kicheko, na baada ya kicheko kimya kidogo. Kimya hicho usikiharakishe. Huo ndio wakati wa kueleza masomo yote manne, na kila mtu atayaelewa, kwa kuwa yamemtokea yeye. Wala mtu asiaibishwe kwa alama aliyotoa. Wanafunzi wa Los Angeles walitoa vile vile.

Anayependa kuendelea na kuufanya mchezo huu mbele ya watu ashike masharti matatu. La kwanza, asipokee fedha ya mtu mwenye shida. La pili, asiguse kamwe ugonjwa, kifo, wizi wala jina la adui, hata kwa utani, maana utani huo ukitoka mlangoni hauna mwenyewe. La tatu, mchezo ukiisha aseme wazi kwamba ulikuwa mchezo, na hata aonyeshe hatua moja ya jinsi alivyoufanya. Asiyeweza kuyashika hayo heri asianze, kwa sababu sifa za watu ni tamu, na Hyman, mtu mwenye akili nyingi, karibu zimchukue.

Mwalimu Nyerere alitufundisha kuwahesabu ujinga, maradhi na umaskini kuwa maadui wa Taifa. Katika kibanda cha mpiga ramli watatu hao hukutana: mgonjwa aingia, fedha yake yatoka, na akili yake yabaki mlangoni. Twaweza kuirudisha kwa karatasi moja na bahasha kumi. Katibu wa tawi atakayelifanya zoezi hili mwezi huu asisahau kumwalika yule bibi wa nyumba ya tatu, aketi mbele, apate kusikia wenzake wakijifunza jambo ambalo laweza kumwokoa.